Watoto wangu wamezaliwa Kampala lakini Kampala hawaijui: tupeane sehemu za kutoka nao bila kiingilio

MamaWatatu_Nsambya · Jumapili, saa 2:40 usiku

Wadau, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Uzi huu nimeuanzisha kwa sababu ya daftari la binti yangu wa kati, yuko P3, yaani darasa la tatu. Shule zilipofunguliwa mwalimu aliwaambia wachore kitu walichokiona likizo. Yeye alichora runinga. Runinga yetu yenyewe, na kile kitambaa cha kufuma juu yake, na waya unaoshuka mpaka kwenye soketi. Kaichora vizuri hadi nikaitambua. Mwalimu kaweka alama ya vema, mimi nikakaa kitandani na lile daftari muda mrefu.

Tunaishi Nsambya, chumba na sebule. Geti linafungwa kwa sababu boda zinapita kasi nje. Kucheza ni kwenye kibaraza, katikati ya nguo za wapangaji zilizoanikwa. Mimi na baba yao tunafanya kazi mpaka Jumamosi jioni. Kila nikiwaza kuwatoa nakutana na bei: bembea kwa tiketi, bwawa kwa tiketi, na ukiingia na chakula chako unazuiwa langoni ili ununue chao. Watoto watatu na watu wazima wawili, hiyo ni hela ya chakula cha wiki nzima.

Miezi miwili iliyopita tulijaribu kukaa kwenye majani ya hoteli moja mjini, hoteli sitaitaja. Hata dakika kumi hazikuisha akaja kijana kutuuliza tunaagiza nini. Nikamwambia tumebeba chai yetu. Akatuomba tuondoke, tena kwa adabu, lakini mkubwa wangu aliniuliza njiani, "Mama, tumekosea nini?" Sikuwa na jibu.

Basi nikaamua. Mji huu ni wa vilima, na vilima havina mlango. Kila Jumapili ya pili tunachukua kilima kimoja tu. Si viwili, kimoja. Masharti ni haya: hakuna kiingilio, taksi (ndizo daladala zetu) isizidi moja kwenda na moja kurudi, chakula kinatoka nyumbani.

Leo tumeanza na Mengo. Tulitoka Nsambya kwa miguu kupitia Katwe, kitinda mimba mgongoni. Tukaenda mpaka Bulange, lile jengo la bunge la Buganda, tukasimama nje kulitazama, halafu tukaifuata barabara iliyonyooka hadi lango la Lubiri, ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Barabara inaitwa Kabaka Anjagala, yaani Kabaka ananipenda. Kuingia ndani ya majengo kuna malipo, ila barabara ni ya kila mtu, na barabara yenyewe ndiyo iliyotuweka nje nusu siku.

Pembeni mwa barabara kuna sanamu za miziro ya koo za Buganda. Koo ziko zaidi ya 50, na kila moja ina muziro wake, mnyama au mmea au kitu ambacho watu wa ukoo huo hawakili na hawakidhuru. Simba, chui, nyati, kakakuona, mbega, kambare-mamba. Kuna na uyoga. Kuna na moyo. Wanangu walikimbia kutoka sanamu moja hadi nyingine, mkubwa anasoma jina la Kiganda, wa kati anatafuta mnyama kwa Kiswahili, na tulipokwama kwenye fungo niliwaeleza nilivyokuwa nikimsikia usiku kijijini kwetu Bukoba.

Tulipofika kwa Nsenene watoto walicheka, "Mama, hiki si chakula?" Sisi Wahaya, waitu, senene ni chakula cha heshima. Bibi mmoja alikuwa anapita na kikapu, akasimama. Akasema kwa Kiganda, taratibu ili watoto waelewe, kwamba yeye ni wa ukoo huo, ana wajukuu, na tangu azaliwe hajawahi kutia senene mdomoni. Wakamwangalia kama wanaona mtu wa kwenye hadithi. Kitinda mimba akamuuliza, "Hata mmoja?" Akasema hata mmoja.

Katikati ya barabara kuna mzunguko wa magari wanaouita Nantawetwa. Magari yote yanazunguka, lakini katikati yake kuna njia iliyonyooka yenye mageti, hiyo ni ya Kabaka peke yake, kwa sababu Kabaka hapindi. Mkubwa wangu, ana miaka kumi, alisimama pale akihesabu magari yanayozunguka mpaka nikachoka kumwita.

Tulirudi kwa taksi, kitinda mimba nikampakata na wa kati akapakatwa na baba yake, tukalipa viti vitatu. Hiyo ndiyo pesa pekee iliyotoka, pamoja na ndizi za kuchoma za elfu moja.

Ila nimebaki na deni. Pale kwenye sanamu wa kati aliniuliza, "Na sisi muziro wetu ni nini?" Kwetu Bukoba koo zina muziro pia, na neno ni lilelile. Mimi wa ukoo wa baba yao siujui, na baba yao alitoka kijijini mdogo. Nimemwambia tutampigia babu.

Sasa nawaomba wenye uzoefu. Kilima gani kinafuata?

Ssalongo_Kireka · Jumapili, saa 3:15 usiku

Mama, hongera, umenigusa. Lakini tuseme ukweli, bure haipo. Mimi nina mapacha wa miaka saba na mkubwa wa kumi na mbili, hawapakatiki tena. Kutoka Kireka mpaka mjini, halafu gari la pili mpaka Mengo, kurudi vilevile, na mvua ikinyesha konda anapandisha nauli hapohapo. Ukipiga hesabu ya watu watano unakuta ungelipa tu kiingilio cha mahali karibu. Ninyi mnaokaa katikati ya mji mnasahau sisi wa pembeni.

MamaWatatu_Nsambya · Jumapili, saa 3:32 usiku

Ssalongo, hujakosea. Ndiyo maana nilisema taksi moja. Wewe usije Mengo. Wewe uko Kireka, Namugongo iko mlangoni kwako. Gari moja tu.

Ssalongo_Kireka · Jumapili, saa 3:36 usiku

Namugongo naenda kila tarehe 3 Juni na kanisa, siku ya Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Ni umati, vumbi, mtoto huwezi kumwachia mkono hata sekunde. Sijawahi kuiwaza kama mahali pa kutembeza watoto.

Mjukuu_wa_Kibuli · Jumapili, saa 4:05 usiku

Asalam aleikum. Nenda Ssalongo, nenda siku ya kawaida. Ni mahali pengine kabisa.

Kwa Mama Watatu, jirani yangu, kilima chako cha pili kiko puani pako: Kibuli. Ukitoka Nsambya huhitaji hata taksi. Ardhi ya msikiti wa Kibuli ilitolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, Mungu amrehemu. Ukifika juu unaona mji wote umelala chini yako: Nakasero na maghorofa yake, Old Kampala na mnara wa msikiti mkuu, Namirembe, Rubaga, na ukigeuka upande mwingine unaona ziwa kama kuna hewa safi baada ya mvua. Mimi nikiwa mdogo babu alitukalisha pale alasiri, kila mmoja anaonyesha kilima kwa kidole na kukitaja. Ukikosea unakaa chini. Ndivyo nilivyojifunza ramani ya Kampala, si shuleni.

Waambie pia kwamba Uislamu uliingia Buganda na wafanyabiashara waliotoka pwani, 1844, enzi za Kabaka Ssuuna II, na Kiswahili kikaja kwa njia hiyohiyo. Watoto wanaosemwa shuleni kwamba wanaongea lugha ya kambi za askari wanahitaji kulijua hilo.

Adabu ya mahali: mavazi ya heshima, mama ajitande kitambaa, msiende saa za swala ya Ijumaa kama si wa kuswali, na mwombeni mlinzi ruhusa mkifika. Hakuna aliyewahi kunikatalia mgeni niliyeenda naye akiwa ameuliza vizuri.

Mtu_wa_Goma · Jumapili, saa 4:50 usiku

Jambo kwenu wote. Mimi ni mgeni mjini hapa, tulifika na familia kutoka Goma, tunakaa Katwe. Samahani kwa swali langu. Tukifika kwenye hizo sehemu wanauliza karatasi? Wanangu wanne hawajatoka Katwe tangu tuje, isipokuwa kwenda kuandikishwa na kwenda hospitali. Mke wangu anaogopa.

MamaWatatu_Nsambya · Jumapili, saa 4:58 usiku

Karibu sana kaka. Barabara ya Kabaka Anjagala hakuna aliyetuuliza chochote, ni barabara tu, watu wanapita na mizigo yao. Na ninyi wa Katwe mko karibu kuliko mimi. Beba kitambulisho chako kama unavyobeba siku zote, ili moyo wa mama watoto utulie.

Mwalimu_P4 · Jumatatu, saa 12:10 asubuhi

Nimesoma uzi kabla ya kwenda kazini, niongeze machache.

Kaka wa Goma, kwenye malango yenye askari, mfano Chuo Kikuu cha Makerere, wanaweza kuulizia kitambulisho. Ukionyesha na kusema unawatembeza watoto, unapita.

Na Makerere yenyewe nawasihi wazazi. Ilianza 1922 kama shule ya ufundi. Mwalimu Nyerere alisoma pale 1943 hadi 1945, Kibaki na Mkapa wakafuata. Jengo Kuu liliungua Septemba 2020, likajengwa upya, na mbele yake kuna uwanja mpana wa majani, Freedom Square, ambapo mtoto anaweza kukimbia mpaka apumue kwa mdomo. Juu ya miti wapo kalooli, yule korongo mkubwa mwenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni. Watoto wa mjini humwona kalooli jalalani wakamdharau. Wakalishe chini ya mti wamtazame akitua. Mabawa yake yakifunguka ni mapana kuliko kitanda chao. Galari ya sanaa ya chuo nayo haina kiingilio, ila nenda siku ya kazi.

Ukiwa mjini pitia Sanamu ya Uhuru, ya 1962: mama aliyefungwafungwa viungo anamwinua mtoto juu. Aliyeichonga, Gregory Maloba, alitokea Kenya akasomea sanaa hapohapo Makerere. Dakika kumi zinatosha, na wengi wetu tunapita pale miaka yote bila kuinua macho.

Kingine: msiwape watoto somo. Nasema hivi mimi mwalimu. Waacheni waulize.

Muuza_Sato_Ggaba · Jumatatu, saa 5:20 asubuhi

Naona wote mnapanda vilima. Shukeni basi mje ziwani.

Mimi nauza samaki Ggaba mwaka wa kumi na moja sasa. Njooni Jumamosi asubuhi, saa moja mpaka saa tatu, boti zikirudi. Kuingia mwaloni kutazama hulipi. Mtoto ataona boti inavutwa na wanaume wanane wanaoimba, ataona wavu unavyokunjuliwa na macho yake yanavyopimwa kwa vidole, kwa sababu wavu wa macho madogo umekatazwa, unachukua vichanga. Ataona sangara mkubwa kuliko yeye. Sangara si mwenyeji wa ziwa letu, alipandikizwa miaka ya hamsini na sitini, na wazee watakuambia samaki wangapi wadogo walipotea kwenye tumbo lake.

Kuna mtoto mmoja aliletwa na shangazi yake, alikuwa hajui kama samaki ana magamba. Kwao samaki anafika amekaangwa. Nikampa kisu butu na sato mdogo, nikamshikia mkono, tukakwangua kutoka mkiani kwenda kichwani. Magamba yakamrukia usoni, akacheka mpaka wenzangu wakaacha kazi wakamtazama. Nikampasulia nikamwonyesha tumboni, na kile kifuko cheupe cha hewa kinachomfanya samaki aelee. Akakibonyeza, kikapasuka, akaomba kingine. Tulimaliza sato watano namna ile. Nikawauza bila magamba kwa bei yangu ileile, kwa hiyo sikupoteza kitu.

Mkija ulizeni anayeuza dagaa, hapa tunawaita mukene, awaonyeshe wanavyoanikwa.

Nesi_Kawempe · Jumatatu, saa 7:45 mchana

Dada wa Ggaba, maelezo yako yamenifurahisha, lakini lazima niseme kama nesi: MSIWAACHE WATOTO WAINGIE MAJINI. Ziwani kuna kichocho. Vijidudu vyake vinakaa kwenye konokono wadogo wa pembeni, palepale penye majani na maji ya kina kifupi ambapo mzazi anaona ni salama. Vinapenya kwenye ngozi, mtoto hasikii kitu. Nawaona wodini baadaye, matumbo yamejaa, mama anasema alichezea maji tu. Na kuzama hakuna kelele kama kwenye filamu, mtoto anazama kimya. Mimi nisingewapeleka Ggaba kabisa.

Muuza_Sato_Ggaba · Jumatatu, saa 8:30 mchana

Nesi, nakuheshimu, na kuhusu maji uko sahihi, wanangu mwenyewe nawakataza. Ila usiwakataze watu wasije. Ziwa hili linawalisha watoto hao, na mtoto asiyeliona atalitupia takataka akiwa mkubwa kwa sababu halimhusu. Waje na viatu miguuni, wasimame juu mwaloni penye saruji, mkono wa mzazi mkononi. Boti wasipande bila jaketi la kuokolea, hata aliyewaalika awe mjomba.

Nesi_Kawempe · Jumatatu, saa 8:41 mchana

Viatu, mkono mkononi, na hakuna boti. Hapo nimekubali. Niongeze mambo ya mfukoni, kwa sababu ndiyo yanayoharibu siku:

Andika namba yako ya simu kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kila mtoto, ndani ya kiwiko ambapo haifutiki haraka. Maji ya kuchemsha yabebeni kwenye kidumu cha lita tano, watoto wanakunywa kuliko mnavyodhani. Nanyi wenye watoto wadogo, ulizeni choo MKIFIKA, msisubiri mpaka aseme. Makanisani na misikitini vyoo vipo, mwombe mlinzi.

Mtu_wa_Goma · Jumapili, wiki mbili baadaye, saa 1:20 usiku

Wapendwa, nimerudi kutoa habari.

Jirani yetu mmoja Mganda alisoma ujumbe wenu kwenye simu yangu, akaniambia kama mke wako anaogopa askari na kelele, mpeleke Bahai. Sikupajua. Ni kilima cha Kikaaya, taksi za barabara ya Gayaza, unamwambia konda Bahai anakushusha, halafu unapanda kwa miguu. Ndiyo, zilikuwa taksi mbili kwa sisi wa Katwe, nimevunja sheria ya Mama Watatu, anisamehe.

Ni hekalu la dini ya Kibahai, lilifunguliwa 1961, la kwanza kujengwa na Wabahai Afrika. Lina pande tisa na milango tisa, na kuba la kijani linaonekana kutoka mbali. Mlangoni tulikaribishwa, mlinzi akatuambia tusipige kelele karibu na hekalu na tusiache takataka. Mke wangu alinibana mkono akisubiri aombwe karatasi. Haikuombwa.

Ndani hakuna picha, hakuna sanamu, hakuna mimbari. Viti tu na mwanga. Hawapigi vyombo vya muziki mle, ni sauti za watu peke yake. Sahani ya sadaka haipitishwi, na nimeambiwa mtu asiye wa dini yao hata akitaka kuchangia hawapokei. Nilikuwa nimeweka shilingi mfukoni kwa ajili hiyo, ili tusionekane watu wa kuomba. Nikarudi nazo.

Halafu bustani. Jamani, majani. Kilima kizima ni majani na miti. Wanangu walivua viatu bila kuambiwa. Yule wa tatu, ana miaka sita, tangu tuondoke nyumbani hakuwa analala bila kushika nguo ya mama yake. Alijiviringisha kwenye mteremko kutoka juu mpaka chini, akainuka, akapanda tena, akajiviringisha tena. Mara nyingi, sikuhesabu. Mke wangu alitandika kitenge chini ya mti, akatoa mihogo na maharage, na kabla hatujamaliza kula alikuwa amelala. Usingizi wa mchana, nje, mahali pa wazi. Nilikaa nikamlinda, watoto nikawaambia wacheze upande wa pili.

Hilo tu nilitaka kusema. Asanteni.

MamaWatatu_Nsambya · Jumapili, saa 1:34 usiku

Kaka, taksi mbili umesamehewa. Nimemsomea baba watoto ujumbe wako kwa sauti.

Mjukuu_wa_Kibuli · Jumapili, saa 1:50 usiku

Alhamdulillah.

Ssalongo_Kireka · Jumapili, saa 2:15 usiku

Na mimi nimekwenda. Namugongo, siku ya kawaida, taksi moja kama nilivyoelekezwa. Nimetembea pale miaka ishirini na leo ndiyo nimeona.

Basilika limejengwa kwa umbo la nyumba ya msonge, na linashikiliwa na nguzo 22 za shaba, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Niliwaambia mapacha wahesabu, mmoja aende kulia, mwingine kushoto, wakutane. Wakakutana na hesabu mbili tofauti, 21 na 23. Wakarudia. Zilipotoka 22 kwa wote wawili walikuwa wamekimbia kuzunguka jengo mara nne, jasho linawatiririka.

Mkubwa wangu alitaka kujua mdogo kuliko wote kati ya mashahidi alikuwa nani. Nikamwambia Kizito, kijana wa miaka kama kumi na minne. Akanyamaza, maana yeye ana kumi na mbili. Hakuniuliza tena mpaka tulipokaa kando ya lile ziwa dogo kula kabalagala. Hapo akaniuliza kama Kizito alikuwa na mama. Tulizungumza, mimi na yeye, muda ambao hatujawahi kuzungumza. Nyumbani huwa tuna shule na ada na nani kamaliza sukari.

Mama Watatu, niliyosema kuhusu nauli bado ni kweli. Lakini nilikuwa naiangalia upande mmoja.

Dada_Bwaise · Jumapili, saa 2:40 usiku

Uganda Museum je? Wengine wanasema ni bure.

Mwalimu_P4 · Jumapili, saa 2:52 usiku

Si bure, kuna kiingilio, ingawa kwa watoto ni kidogo. Wala bustani ya mimea ya Entebbe si bure. Ziweke kwenye orodha ya siku mkipata chochote. Kwako wewe Bwaise, Namirembe ni taksi moja. Kanisa kuu lililopo lilikamilika 1919, lililotangulia liliunguzwa na radi 1910. Watoto wanapenda sana hiyo ya radi. Makaburini utamkuta Mackay, mmisionari aliyefariki ng'ambo ya kusini ya ziwa 1890 na mabaki yake yakaletwa Namirembe baadaye. Kaa kwenye ngazi, tazama mji, rudi nyumbani.

MamaWatatu_Nsambya · Jumapili, saa 3:30 usiku

Nimemaliza kuosha vyombo, narudi kulipa deni langu.

Leo tumepanda Kibuli. Tumecheza mchezo wa babu wa Kibuli wa kutaja vilima, na mkubwa wangu amekaa chini mara mbili kwa sababu ya kuchanganya Namirembe na Rubaga. Nikamwonyesha: Rubaga ina minara miwili. Kitinda mimba aliita kila kilima Nsambya.

Tukiwa palepale juu, simu inashika vizuri, baba yao akampigia mzee Bukoba. Akaweka sauti ya juu. Mzee aliposikia swali alinyamaza, tukadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Ni nani anayeuliza?" Wa kati akasema ni mimi babu. Akamwambia, "Muziro wetu ni nkende. Tumbili. Usimpige jiwe tumbili, ni mwenzio." Halafu akaanza kumtajia wazee wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, kwa Kihaya, na baba yao ambaye hajui nusu yao akawa anatafuta kalamu kwenye mfuko wangu. Tumeandika majina saba nyuma ya risiti kabla salio halijaisha.

Binti akakumbuka kwamba kwenye Kabaka Anjagala kulikuwa na Nkima, tumbili wa Waganda. Anataka turudi akamwone tena, maana safari ile alimpita akikimbilia simba. Kwa hiyo kilima cha tatu ni Mengo tena, na tutaongeza ziwa la Kabaka upande wa chini, lile lililochimbwa kwa mikono enzi za Mwanga, miaka ya 1880. Tutalitazama kutoka juu tu, Nesi asiwe na wasiwasi.

Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, mbele ya Bulange, upande wa kivuli. Kaka wa Goma, mwambie mama watoto nitabeba chai ya kutosha watu kumi na kitenge cha kutandika. Mimi nitakuwa na mtoto mgongoni na kidumu cha njano.

Mtu_wa_Goma · Jumapili, saa 3:41 usiku

Tutakuja sita. Anauliza alete mihogo au sombe, yaani kisamvu.

MamaWatatu_Nsambya · Jumapili, saa 3:43 usiku

Alete sombe.